Napiga mswaki mara tatu kwa siku, mbona kinywa bado kinanuka?

"Daktari, mimi ni mama wa miaka 36, naishi Dodoma, na kazi yangu ni ya ofisini, nahudumia watu dirishani tangu asubuhi hadi jioni. Kwa muda mrefu sasa kinywa changu kinatoa harufu mbaya. Sikujua mpaka mume wangu aliponiambia kwa upole, na tangu siku hiyo nazungumza na wateja nikiwa nimeziba mdomo kwa mkono. Napiga mswaki mara tatu kwa siku. Jirani aliniambia ni tumbo chafu, nikanywa dawa za vidonda vya tumbo kwa wiki kadhaa bila nafuu. Nimesugua meno kwa limao na magadi, nimejaribu mkaa. Duka la dawa walinipa flajili, harufu ikaisha kabisa nikafurahi, lakini baada ya wiki chache ikarudi vilevile. Wengine wanasema ni bakteria, wengine wanasema ni maji ya visima vya huku kwetu, kwa sababu meno yangu yana madoa ya kahawia tangu utotoni. Nikipiga mswaki fizi hutoa damu kidogo, na ulimi kwa nyuma una utando mweupe unaoelekea unjano. Kama kweli ni bakteria, kwa nini hawafi? Na nitumie dawa gani ya kuwamaliza?"

Dada yangu, pole kwa usumbufu, na hasa kwa huo mkono unaoupeleka mdomoni kila mteja anapokaribia dirisha. Tatizo lako linafahamika vizuri, lina maelezo yake, na kwa sehemu kubwa linatibika. Katika barua yako yapo mambo matatu ambayo daktari wa meno yeyote angeyapigia mstari: flajili iliondoa harufu kisha ikarudi, fizi zinatoa damu, na utando umekaa nyuma ya ulimi. Yote matatu yanaelekeza kinywani kwako, mbali na tumbo na mbali na kisima. Mahali pekee ninapotofautiana nawe ni pale unapoomba dawa ya kuwamaliza bakteria. Dawa hiyo haipo, na hata ingekuwepo nisingekushauri uitumie.

Kinywa cha mtu mwenye afya njema kina bakteria siku zote. Wataalamu wamekwisha kutambua zaidi ya aina 700 za bakteria wanaoweza kuishi kinywani, ingawa kila mtu huwa na sehemu tu ya aina hizo. Mwaka 1683 Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek alikwangua utando mweupe uliokuwa katikati ya meno yake, akautazama kwa lenzi aliyoitengeneza mwenyewe, akaona vidudu vingi vikitembea humo. Naye alikuwa mtu aliyezoea kusugua meno kwa chumvi kila asubuhi na aliyejivunia usafi wake. Kwa hiyo kuwa na bakteria si aibu wala si dalili ya uchafu. Wengi wao hawatudhuru, na baadhi hutulinda kwa kushika nafasi ambazo wageni wabaya wangezikalia. Ndiyo maana mtu akinywa antibiotiki kwa muda mrefu mara nyingine hupata fangasi wa kinywani: walinzi wameondoka, na mlango uko wazi.

Wanaotoa harufu ni kundi la bakteria wanaostawi pasipo na oksijeni. Vitabuni utawakuta kwa majina kama Porphyromonas gingivalis, Prevotella intermedia, Fusobacterium nucleatum na Treponema denticola, majina ambayo huna haja ya kuyakariri. Lililo muhimu ni chakula chao, nacho ni protini: chembe za ngozi laini ya kinywa zinazobanduka kila siku, mabaki ya nyama, maharage na maziwa, ute unaoshuka kutoka nyuma ya pua, protini zilizomo ndani ya mate yenyewe, na damu ya fizi. Protini imejengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, na viwili kati ya vipande hivyo, sisteini na methionini, vina salfa ndani yake. Bakteria wanapovivunja ili wapate nguvu ya kuishi, salfa hutoka katika umbo la gesi. Sisteini huzaa haidrojeni salfidi, ambayo ndiyo harufu ya yai viza, na methionini huzaa methili merkaptani, inayonuka kama kabichi iliyosahaulika kwenye mfuko wa plastiki. Pua ya binadamu huzinasa gesi hizi hata zikiwa kidogo mno. Mwaka 1971 mtafiti Joseph Tonzetich wa Kanada alichapisha vipimo vya hewa ya kinywani vilivyofanywa kwa mashine ya kutenganisha gesi, na tangu hapo wataalamu wa fani hii wamezitazama gesi za salfa kama washukiwa wa kwanza. Zipo kemikali nyingine zinazochangia, zikiwemo zile zinazotoka kwenye nyama inayooza, lakini salfa ndiyo inayotangulia.

Tafadhali usiwachanganye bakteria hawa na wale wanaotoboa meno. Wanaotoboa meno hula sukari na kutengeneza asidi, ilhali wa harufu hula protini na hustawi zaidi pale ambapo asidi ni kidogo. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kuwa na meno yasiyo na tundu hata moja na bado kinywa chake kikanuka.

Bakteria hao wana makazi makubwa mawili, na la kwanza ni nyuma ya ulimi. Sehemu ya mbele ya ulimi hujisugua kwenye kaakaa na meno kila unapozungumza au kutafuna, hivyo husafishika yenyewe. Nyuma hali ni tofauti: uso wa ulimi umejaa vinundu na vifereji, hausuguliwi na kitu chochote, na ute wa puani hutua hapohapo. Tabaka la juu la bakteria hutumia oksijeni yote, na walio chini yake hubaki katika giza lisilo na hewa wakifanya kazi yao kwa raha. Mtu anayepiga mswaki mara tatu bila kuugusa ulimi kwa nyuma ni sawa na mtu anayeosha kibuyu cha maziwa kwa nje na shingoni tu: kwa macho kimetakata, lakini maziwa mapya yakitiwa yanayakuta ya jana yamegandia ubavuni.

Makazi ya pili ni kati ya jino na ufizi. Ufizi wenye afya huacha mwanya mwembamba kuzunguka jino, wenye kina cha milimita 1 hadi 3. Ukoga, yaani ule utando laini unaonata kwenye meno, ukikaa hapo siku kadhaa bila kuondolewa, madini yaliyomo kwenye mate huanza kuugeuza kuwa ugaga, tabaka gumu ambalo mswaki hauwezi kulibandua hata ukisugua kwa nguvu zako zote. Ufizi huvimba, hutoa damu, na kwa baadhi ya watu hujitenga na jino, mwanya ukageuka kuwa mfuko wa milimita 4, 5 au zaidi. Ndani ya mfuko huo kuna joto, kuna majimaji yenye protini, na oksijeni karibu hakuna. Damu unayoiona kwenye mswaki ndiyo dalili ninayoipa uzito kuliko zote ulizonitajia, kwa sababu inaonyesha kwamba huenda bakteria wamekwisha kuhamia upande wa fizi, mahali ambapo juhudi zako za nyumbani hazifiki.

Kinga kubwa dhidi ya haya yote ni mate. Mtu mzima hutoa takriban nusu lita hadi lita moja na nusu ya mate kwa siku, nayo huosha kinywa na kukifikishia oksijeni. Usingizini hupungua sana, karibu kukoma, na ndiyo maana hata mwenye meno safi namna gani huamka na harufu ambayo huondoka akishapiga mswaki na kunywa chai. Hiyo ya asubuhi si ugonjwa, isikupe wasiwasi. Ila sasa tazama mazingira yako. Dodoma ni nchi kame; kati ya Mei na Novemba mvua ni ya nadra, upepo unavuma na vumbi linaingia puani. Pua ikiziba mtu hulala mdomo wazi, na mdomo uliokaa wazi usiku kucha huamka umekauka. Asubuhi unaingia kazini, unazungumza hadi jioni, na kama walivyo wengi wa wagonjwa wangu wanaokaa dirishani, nadhani maji hunywi ya kutosha kwa kuogopa kuiacha foleni ukaenda msalani. Ukiruka na kifungua kinywa, basi ulimi unakosa hata ule msuguo wa chakula na yale mate yanayoitwa na kutafuna. Harufu ya saa tano asubuhi kwa mfanyakazi ambaye hajala wala hajanywa kitu ina sababu zake.

Sasa niyapitie uliyoambiwa. Kuhusu tumbo, umio unaopeleka chakula chini haukai wazi kama bomba. Kwa kawaida umejifunga, na hewa ya tumboni hupanda pale tu mtu anapocheua. Harufu ya cheuo huja na kuondoka, nayo haiwezi kukaa kwenye pumzi kutwa nzima. Wapo wenye kiungulia kikali ambao chakula na asidi hupanda hadi kooni, na kuhusu Helicobacter pylori, yaani bakteria wa vidonda vya tumbo, tafiti hazijakubaliana iwapo wanachangia harufu ya kinywa. Lakini wewe hukutaja kiungulia wala maumivu ya tumbo, na dawa ulizokunywa kwa wiki kadhaa hazikukusaidia. Katika kliniki zinazoshughulikia tatizo hili, takriban asilimia 80 hadi 90 ya wagonjwa hukutwa chanzo kipo kinywani. Kuanza na tumbo ni kuanza na mwisho wa foleni.

Kuhusu maji, madoa yako ya kahawia huenda kweli yanatokana nayo, ila hayahusiani na harufu. Katika Singida na baadhi ya maeneo ya Dodoma maji ya chini ya ardhi yana floridi nyingi, na mtoto anayeyanywa wakati meno yake ya ukubwani yakiwa bado yanajengeka ndani ya taya huyaota yakiwa na madoa meupe au ya kahawia. Madoa hayo yamo ndani ya gamba la jino. Hayanuki na hayatoki kwa kusugua, na inasikitisha kuona vijana wazuri wanayasugua kwa mkaa na majivu mpaka gamba linalika na meno yanaanza kuingia ganzi kwa maji baridi. Pia usiache dawa ya meno yenye floridi kwa kuyaogopa madoa. Kwa mtu mzima meno yamekwisha kujengeka, madoa ya aina hiyo hayaongezeki, na kinga dhidi ya kutoboka bado unaihitaji.

Limao liache kwenye mboga. Lina pH, yaani kipimo cha asidi ambacho namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi, ya karibu 2, wakati gamba la jino huanza kuyeyuka pH ikishuka chini ya takriban 5.5; ukilisugua limao halafu ukafuatisha mkaa, la kwanza linalainisha gamba na wa pili unalikwangua. Magadi tunayopikia mlenda ni makali kwa fizi. Karafuu na peremende hufunika harufu kwa dakika kadhaa bila kugusa chanzo, na peremende yenye sukari inakuongezea tatizo la pili juu ya lile la kwanza.

Flajili inastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndiyo iliyokupa furaha na ndiyo itakayokushawishi urudi dukani. Jina lake la kitaalamu ni metronidazo, na kazi yake hasa ni kuua bakteria wanaoishi pasipo oksijeni. Kwa hiyo ilipoiondoa harufu yako ilitupa habari ya maana, kwamba wahusika ni wa kundi hilo. Lakini kidonge hakibandui ugaga, hakifungi mfuko wa ufizi na hakikwangui ulimi. Ukoga nao umejengwa kwa tabaka zinazonata ambazo dawa hupenya kwa shida, hivyo walionusurika ndani yake huzaana upya na kurudi kwenye nyumba zao zilezile, ambazo zimewasubiri tupu. Ukirudia dozi kila harufu inaporudi, utapata kichefuchefu na ladha ya chuma kinywani, na utakuwa unawafundisha bakteria kuizoea dawa ambayo siku moja unaweza kuihitaji kwa ugonjwa mkubwa. Daktari anaweza kuiandika pale fizi zinapokuwa na maambukizi makali, tena ikiambatana na usafishaji. Kidonge peke yake, bila usafishaji, ni fedha iliyopotea.

Basi ufanye nini? Anza na ulimi, usiku wa leo. Kama huna kikwangulio cha ulimi, kijiko cha chai kinatosha. Toa ulimi nje, ushike ncha yake kwa kitambaa safi, weka ukingo wa kijiko nyuma kadiri unavyoweza kuvumilia, kisha ukivute mbele taratibu bila kukandamiza, huku ukitoa pumzi nje ili usichefukwe. Kabla hujasuuza, kitazame kijiko. Utaona ute mzito wa rangi ya maziwa au ya njano. Uache ukauke kwa sekunde chache, kisha unuse. Kama ndiyo harufu aliyokuambia mume wako, chanzo kimoja umekwisha kukipata bila mashine yoyote. Suuza, rudia mara tano au sita mpaka kijiko kitoke karibu kitupu, na usikwangue hadi damu itoke. Nikuambie ukweli: nafuu ya kukwangua ulimi ni ya saa chache, kwa hiyo ni kazi ya kila siku, na kwa mtu mwenye ugonjwa wa fizi haitoshi peke yake.

Kupiga mswaki mara tatu hakuna ubaya, ingawa mara mbili kwa dakika 2 kila mara zingetosha kama mswaki ni laini na unaelekezwa pale ufizi unapokutana na jino. Wengi hukwepa sehemu inayotoa damu kwa kuogopa kuiumiza, na hilo huzidisha tatizo, kwani damu hutoka kwa sababu ukoga umekaa pale. Kama uvimbe ni wa juujuu tu, ukisafisha vizuri damu hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Katikati ya meno mswaki hauingii, na hapo unahitaji uzi wa meno au vibrashi vidogo vya kupenyeza, walau mara moja kwa siku. Kijiti tunachokitumia baada ya nyama choma huondoa nyuzi za nyama lakini hakisafishi ubavu wa jino, na kikitumiwa kwa pupa hujeruhi ufizi. Mswaki wa mti ni mzuri kwa aliyeuzoea na anayejua kuutumia. Upungufu wake ni huohuo wa kutofika katikati.

Ugaga hauna tiba ya nyumbani. Unatolewa kwa vifaa na daktari wa meno au tabibu wa meno, juu na chini ya ufizi, na kwako wewe naiona hatua hii kuwa ya lazima. Najua hofu iliyopo mitaani kwamba ugaga ukitolewa meno yatalegea. Ukweli ni kwamba jino hulegea kwa sababu mfupa unaolishika umeliwa taratibu na ugonjwa, na ugaga ulikuwa umeziba tu pengo lisionekane. Ukiuondoa, kweli unaweza kuona nafasi kati ya meno na kuhisi ganzi kwa siku chache, lakini kuuacha ndiko kunakouendeleza ugonjwa unaolegeza meno.

Dawa za kusukutua zinatofautiana. Yenye klorihexidini ina nguvu na husaidia, lakini haifai kuwa ya maisha: ikitumika kwa muda mrefu hutia meno na ulimi madoa ya kahawia na kuharibu ladha ya chakula, ndiyo maana kwa kawaida huandikwa kwa wiki 2 hivi, na husukutuliwa walau nusu saa baada ya mswaki kwa sababu baadhi ya viambato vya dawa ya meno huipunguza nguvu. Zenye madini ya zinki hushikana na salfa na kuizuia isipae, nazo hufaa kwa siku ya kikao au safari. Zenye spiriti nyingi sizipendelei kwa mtu ambaye kinywa chake tayari ni kikavu. Maji ya chumvi hutuliza fizi zilizovimba na hayana gharama, ila usiyategemee kuondoa harufu.

Kazini, weka chupa ya maji dirishani na unywe mafunda madogo mara kwa mara, usiruke kifungua kinywa, na mchana tafuna bigijii isiyo na sukari ili kuyaita mate. Sikusikia ukitaja sigara wala ugoro. Kama vipo, ujue vinanuka vyenyewe na pia huharibu fizi. Kitunguu saumu ni habari nyingine kabisa: sehemu ya harufu yake huingia kwenye damu na kutokea mapafuni, hivyo mswaki hauiondoi, na wala haihitaji tiba zaidi ya kusubiri.

Lipo jaribio moja ambalo ningependa mume wako akusaidie, maana yeye amekwisha kuonyesha kwamba anaweza kusema ukweli bila kukuumiza. Mtu hawezi kuinusa vizuri pumzi yake mwenyewe, kwani pua imeshaizoea, na kupulizia viganja hakuaminiki. Ziba pua, toa pumzi taratibu kwa mdomo, naye anuse kwa umbali wa shubiri moja. Pumzika kidogo, kisha funga midomo utoe pumzi kwa pua. Harufu ikitoka mdomoni tu, chanzo ni kinywa au koo. Ikitoka puani tu, tunafikiria pua na mashimo ya usoni yanayoizunguka. Ikitoka kote kwa nguvu sawa, inawezekana inabebwa na damu kutoka mwilini, na hapo uchunguzi unahitaji kwenda mbali zaidi ya meno. Wapo pia watu wanaojiona wananuka ilhali hakuna mwingine anayesikia chochote. Hao huteseka kweli na huhitaji msaada wa aina nyingine, lakini wewe si mmoja wao.

Nenda hospitali bila kusubiri kama fizi zinauma sana, zimechimbika vidonda vya kijivu katikati ya meno na harufu imekuwa kali ghafla. Hayo ni maambukizi yanayokula ufizi haraka, huwapata zaidi wenye kinga iliyopungua, na daktari akikushauri upime virusi vya UKIMWI au sukari usichukulie kama tusi. Nenda siku hiyohiyo pia kama uso au shingo inavimba, una homa, au huwezi kufungua mdomo na kumeza. Kidonda cha kinywani kisichopona kwa wiki 2 kionwe na daktari hata kama hakiumi. Pumzi yenye harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, ikiambatana na kiu kali, kukojoa mara kwa mara na kutapika, ni dharura ya kisukari. Harufu kama ya mkojo pamoja na kuvimba miguu na uso hutufanya tuangalie figo. Ukitema vijiwe vyeupe laini vinavyonuka, hivyo hutoka kwenye tezi za kooni. Mara nyingi havina hatari, na kusukutua koo kwa maji husaidia. Na kwa kuwa wewe ni mama, mtoto mdogo akinuka upande mmoja wa pua, mwangalie: mara nyingi kuna punje ya hindi, harage au ushanga umekwama humo, na kitu hicho kitolewe na mtaalamu.

Kwako haraka ya aina hiyo siioni, lakini usipitishe mwezi. Huduma ya kinywa na meno ipo katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma na Hospitali ya Benjamin Mkapa, na kwa ndugu zetu walioko wilayani ipo pia katika hospitali za wilaya. Ukipanga siku ya kwenda, usile kitunguu saumu siku 2 kabla, usinunue tena flajili wala antibiotiki nyingine ya kujichagulia, na asubuhi hiyo usisukutue dawa wala kutafuna karafuu, kwa sababu daktari anahitaji kuikuta harufu kama ilivyo. Chukua majina ya dawa zote unazotumia, hata za presha na za mafua ya mzio, maana baadhi hukausha mate. Mwombe apime kina cha fizi kuzunguka kila jino, akutajie namba nawe uziandike. Ugaga ukishatolewa, endelea na kijiko na uzi wa meno, kisha urudi baada ya miezi 2 hadi 3 apime tena pale pale. Kama namba zimeshuka na damu imekoma lakini mume wako bado anaisikia harufu, ndipo mwombe akuandikie barua ya kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.